Mteja hapatikani, au mnara umezimika?

MKAZI wa Soweto, katika Manispaa ya Moshi, anapompigia mama yake aliyeko Kibosho usiku wa mvua kubwa na kuambiwa na sauti ya mtambo kuwa mteja anayempigia hapatikani kwa sasa, hana njia ya kujua maneno hayo yana maana gani. Huenda mama amezima simu alale. Huenda chaji imeisha kwa kuwa umeme umekatika tangu mchana. Huenda mnara unaohudumia kijiji umezimika. Na huenda migomba, nyumba na mama mwenyewe vimekwenda na maji.

Mambo hayo manne hutangazwa kwa sauti ile ile moja. Tena sauti yenyewe humtupia mzigo mteja, kana kwamba yeye ndiye aliyetoweka, wakati mara nyingine kilichotoweka ni mtandao. Siku za kawaida hiyo ni kero ndogo, mtu hungoja nusu saa akapiga tena. Siku ya maafa ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu kimya cha simu huchukuliwa kwa urahisi kuwa ni salama. Magari ya uokoaji huelekea kule wanakopiga kelele, yaani kule ambako simu bado zinafanya kazi. Walioumia zaidi, ambao mnara wao umeanguka, hubaki wamenyamaza wakisubiri mtu awakumbuke.

Hapo ndipo ilipo hoja. Tanzania ina mdhibiti wa mawasiliano, ina sheria ya usimamizi wa maafa, na ina kampuni za simu ambazo mitambo yake inajua mnara upi uko hai na upi umekufa. Kinachotakiwa ni taarifa hiyo itoke kwenye vyumba vya mitambo, iwafikie wanaoshughulika na uokoaji, kisha itangazwe kwa wananchi kata kwa kata, ndani ya saa chache. Na jambo hilo liwe la lazima kisheria, lisiachwe kwenye hiari ya kampuni au huruma ya ofisa mmoja.

Maji huanzia juu

Wanaoujua Mlima Kilimanjaro wanajua kuwa maafa yake hayaanzii mjini. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huipiga zaidi miteremko ya kusini, huko Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu. Maji yake hushuka kwa mito kama Karanga, Rau, Weruweru na Kikafu kuelekea tambarare. Mjini mvua inaweza kuwa imekatika na jua limetoka, lakini mto ukaja umefurika kwa sababu ya kilichonyesha juu saa chache kabla.

Kwa hiyo mtu wa juu ndiye mtoa tahadhari wa mtu wa chini. Simu moja kutoka Uru kwenda Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, inaweza kumpa mkulima muda wa kuondoa mashine ya kuvuta maji, mifugo na watoto. Simu hiyo ikikosa njia, mkulima wa chini huliona jua na kuamini kuwa mambo ni shwari.

Mkoa wa Kilimanjaro hauhitaji kusimuliwa habari za maafa. Novemba 2009, maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, wilayani Same, yaliua zaidi ya watu 20. Oktoba 2020, moto uliwaka kwa siku kadhaa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na mamia ya watu wakapanda kuuzima. Katika mkoa jirani wa Manyara, Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka kwenye mji wa Katesh na vijiji vya karibu na kuua zaidi ya watu 80. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000.

Katika kila tukio la namna hiyo maswali ya kwanza huwa ni yale yale. Ni wapi, ni wangapi, na ni nani bado hajafikiwa? Siku hizi maswali hayo hujibiwa kwa simu. Anayeuliza asipojua simu zimekufa wapi, majibu anayopata ni nusu, naye huyachukua kama yote.

Mtandao ukikatika, na fedha hukatika

Wapo watakaosema suala hili ni la zimamoto na wakuu wa wilaya, haliwahusu wakulima na wafanyabiashara. Hiyo ilikuwa kweli wakati simu ni chombo cha salamu tu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo zikafuata, simu imekuwa pochi, benki na daftari la mauzo. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hadi mwisho wa mwaka 2023 laini za simu zilikuwa zimepita milioni 70, na akaunti za fedha kwa simu zilikuwa zimepita milioni 50.

Maana yake ni kwamba mtandao unapokatika katika kata ya mlimani, si mazungumzo tu yanayosimama. Wakala hawezi kutoa wala kuweka fedha. Mwenye duka hawezi kulipia mzigo wa sokoni Mbuyuni. Mwenye bodaboda, ambaye ndiye angembeba mgonjwa kumpeleka KCMC au Mawenzi, anashindwa kununua petroli kwa kuwa fedha yake yote imo ndani ya simu. Mzazi aliye juu hawezi kupokea alichotumiwa na mwanawe aliye Soweto, hata kama mwana anacho na yuko tayari kukituma.

Kwa mkulima hali ni ngumu zaidi. Serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, ulianzishwa utaratibu wa mkulima kusajiliwa na kupewa namba, na wakala wa pembejeo kuihakiki kwa mfumo wa kidijitali kabla ya kumuuzia mfuko kwa bei ya ruzuku. Utaratibu huo una faida zake, kwani unapunguza mianya ya wajanja. Lakini mahindi hupandwa mvua zinapoanza, na mvua hizo hizo ndizo zinazoangusha mitandao. Mkulima akifika dukani siku hiyo huambiwa mfumo haufanyi kazi, arudi kesho. Kesho ni nauli nyingine, na mbegu haingoji.

Maziwa nayo hayangoji. Yanayokamuliwa asubuhi Hai au Rombo yanatakiwa yafike kwenye kituo cha kukusanyia kabla hayajaharibika, na dereva anayeyachukua huongozwa kwa simu. Ndizi zikikatwa zinatakiwa zikute gari. Mfanyabiashara akijua mapema kuwa mtandao wa kata fulani hautarudi kwa siku mbili, anajipanga. Anatembea na fedha taslimu, anamtuma kijana na pikipiki, anakubaliana na mnunuzi saa na mahali pa kukutana. Asipojua, hukaa akingoja, akibonyeza namba ile ile, na hasara inaongezeka.

Huduma yenyewe inazidi kupanda mlima. Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua huduma ya intaneti katika kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kadiri watu wanavyozidi kuitegemea huduma, ndivyo pengo linavyokuwa kubwa siku inapokatika.

Mnara huzimikaje?

Ili kuelewa kwa nini taarifa ina faida, ni vizuri kujua mnara huzimikaje. Watu wengi hudhani mnara umeanguka. Mara nyingi umesimama wima, haujaguswa na chochote.

Sababu ya kwanza ni umeme. Nguzo ikianguka au gridi ikipata hitilafu, kama ilivyotokea nchi nzima Aprili 1, 2024, mnara huishi kwa betri. Betri hudumu saa kadhaa tu. Baada ya hapo huhitajika jenereta, na jenereta huhitaji dizeli. Dizeli huletwa kwa gari, na gari huhitaji barabara. Kalavati likizolewa na maji, mnara ulio kilomita 3 mbele yake unaweza kufa taratibu huku mafundi wakiuona kwa macho.

Sababu ya pili ni mkongo. Nyaya za mawasiliano mara nyingi hufuata barabara na kuvuka mito kwenye madaraja. Daraja likiondoka, huondoka na mkongo wake.

Sababu ya tatu ni jinsi minara inavyotegemeana. Sehemu za milimani minara hupokezana mawimbi kama watu waliojipanga kupokezana ndoo. Mmoja akianguka, walio nyuma yake wote hukosa maji hata kama wao hawana kasoro.

Sababu ya nne ni msongamano. Watu wote wakipiga kwa wakati mmoja mtandao huelemewa, ingawa mitambo yote ni mizima. Hapo ujumbe mfupi unaweza kupita wakati mazungumzo yameshindikana.

Kila sababu ina dawa yake. Ya kwanza inataka dizeli na katapila la kufungua barabara. Ya pili inataka fundi wa mkongo. Ya tatu inataka watu wajue mnara upi ndio uti wa mgongo wa eneo. Ya nne inataka wananchi waambiwe waandike ujumbe mfupi badala ya kupiga. Kamati ya maafa inayoambiwa tu kwamba mtandao uko chini haijaambiwa kitu, kwa maana haijui imtafute Tanesco, Tanroads au kampuni ya simu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Watanzania wengi wana laini mbili au tatu za kampuni tofauti, wakiamini kuwa moja ikikataa nyingine itakubali. Lakini minara mingi sasa inamilikiwa na kampuni maalumu za minara, ambazo hupangisha nafasi kwa kampuni za simu zaidi ya moja. Mnara mmoja ukikosa umeme, laini zote tatu zinaweza kufa kwa pamoja. Taarifa inayotolewa na kampuni moja moja, kila moja kwa wateja wake na kwa wakati wake, haiwezi kuonyesha picha hiyo. Ni mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuikusanya yote, naye ni mdhibiti.

Sheria zipo, ziunganishwe

Nchi haianzi sifuri katika jambo hili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa TCRA uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa wenye leseni, na zipo kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018. Mamlaka hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, na ni takwimu zenye manufaa kwa watafiti, wawekezaji na wanahabari.

Kwa upande mwingine ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, inayoweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kwenye kata, vijiji na mitaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri na tahadhari za mvua kubwa kabla hazijafika.

Tatizo ni kwamba takwimu za robo mwaka haziwezi kumsaidia mwenyekiti wa mtaa usiku wa mafuriko. Yeye anahitaji kujua saa hiyo kama tahadhari iliyotumwa kwa simu imefika Uru au imeishia hewani. Mtabiri wa hali ya hewa anaweza kuwa amefanya kazi yake vizuri, ujumbe ukaandikwa vizuri na ukatumwa kwa wakati, na bado usimfikie mtu hata mmoja katika kijiji ambacho mnara wake ulizimika alasiri. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Lengo hilo halitafikiwa na nchi inayohesabu ujumbe uliotumwa bila kuhesabu minara iliyokuwa hai kuupokea.

Taarifa anayoipata mdhibiti na taarifa anayoipata mwananchi ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza husaidia kumbana mwenye leseni baadaye. Ya pili husaidia kuokoa maisha sasa. Zote mbili zinatakiwa, lakini hii ya pili ndiyo inayopaswa kuandikwa wazi katika kanuni.

Waliopatwa kabla

Usiku wa Machi 14, 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, mji wa watu wapatao nusu milioni. Umeme ulikatika, simu zikakatika, barabara zikakatika. Nje ya mji hapakuwa na picha kamili ya kilichotokea kwa siku kadhaa. Machi 18, baada ya kuzunguka kwa ndege na kuona mwenyewe, Rais Filipe Nyusi alisema waliokufa wangeweza kupita 1,000. Hatimaye waliothibitika kufa nchini Msumbiji walikuwa zaidi ya 600. Funzo la Beira ni kwamba ukimya wa siku za kwanza haukuwa dalili ya nafuu. Ulikuwa ndiyo dalili yenyewe ya ukubwa wa maafa.

Marekani ilijifunza kwa machungu yake. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, minara zaidi ya 1,000 ilizimika. Mwaka 2007 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, FCC, alianzisha mfumo wa taarifa za maafa ambamo kampuni hueleza kila siku hali ya mitambo yao, na muhtasari wake hutangazwa kwa umma. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, muhtasari huo ulionyesha kuwa takribani asilimia 95 ya minara ya kisiwa ilikuwa imezimika, na kwamba zaidi ya nusu ya wilaya hazikuwa na mnara hata mmoja unaofanya kazi. Mtu yeyote mwenye ramani aliweza kuona pa kuanzia.

Mfumo huo ulikuwa wa hiari kwa miaka mingi. Januari 2024, FCC iliamua kuwa kampuni za simu na nyaya zilazimike kuutumia. Kuna pia taratibu nyingine ya zamani zaidi, ya kukatika kwa mawasiliano kwa kawaida, ambayo huzitaka kampuni zitoe taarifa ya awali ndani ya dakika 120 kwa matukio makubwa. Taarifa hizo zilifanywa siri kwa hofu ya usalama. Lakini mwaka 2021 FCC iliamua kuziruhusu mamlaka za majimbo kuzisoma, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba taarifa iliyofungiwa makao makuu haimsaidii aliye karibu na tukio.

Hapa hakuna haja ya kunakili kila kitu cha Marekani. Jambo la kuchukua ni dogo na la maana: taarifa iwe ya lazima, iwe ya eneo dogo, na itoke wakati bado ina kazi ya kufanya.

Hoja za wanaopinga

Kampuni za simu zina hoja zao, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba siku ya maafa mafundi watengeneze minara, wasikae kujaza fomu. Ni kweli. Lakini hakuna anayemtaka fundi aliye juu ya nguzo aandike barua. Vyumba vya uangalizi wa mitandao hupata ishara zenyewe mnara unapozimika. Kinachotakiwa ni kuitoa orodha hiyo, kuipanga kwa kata na kuituma. Ni kazi ya kompyuta, na matayarisho yake hufanywa wakati wa kiangazi.

Hoja ya pili ni ya ushindani na usalama. Kampuni haipendi mshindani atangaze kuwa yenyewe ilizimika, na wezi wa betri na dizeli wasioneshwe mnara uliokufa. Dawa yake ni rahisi. Kinachotangazwa kwa umma kiwe ni idadi ya minara iliyozimika katika kata na sababu yake, bila kutaja kampuni wala mahali mnara ulipo. Orodha kamili yenye majina ibaki kwa TCRA na kamati za maafa. Maafa yakiisha, taarifa ya mwisho yenye majina ya kampuni itolewe, maana mteja anayelipa ana haki ya kujua nani alijiandaa na nani hakujiandaa.

Hoja ya tatu hutoka serikalini mara nyingi, nayo ni hofu ya taharuki. Inadhaniwa kuwa watu wakiambiwa mawasiliano yamekatika watahamaki. Ukweli ni kwamba wameshajua yamekatika, kwa kuwa wameshika simu mkononi. Wasichojua ni kwa nini na mpaka lini. Pale taarifa rasmi inapokosekana uvumi huingia, na uvumi haujawahi kumtuliza mtu.

Hoja ya nne ni swali la haki: taarifa itamfikiaje mtu asiye na mtandao? Itamfikia kwa njia zilizokuwapo kabla ya simu. Redio ya betri bado ipo jikoni na shambani. Radio Sauti ya Injili ya Moshi na redio nyingine zinasikika mlimani. Vipo vipaza sauti vya misikiti na makanisa, na yupo balozi wa nyumba kumi. Zaidi ya yote, taarifa hii si ya aliyekatikiwa peke yake. Ni ya aliye Soweto, aliye Dar es Salaam, na wa kamati ya mkoa, ili wajue ni wapi pa kwenda kwa miguu.

Kifanyike nini?

Kwanza, TCRA na Idara ya Menejimenti ya Maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu ziandae kanuni moja ya taarifa za kukatika kwa mawasiliano wakati wa maafa. Kanuni hiyo ianze kufanya kazi yenyewe mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya kiwango cha juu, au mkuu wa mkoa anapoitisha kamati, bila kungoja barua.

Pili, taarifa ya awali ifike kwa mdhibiti na kamati ya mkoa ndani ya saa 2. Isiwe ndefu. Itaje kata, idadi ya minara iliyokuwapo, idadi iliyozimika, sababu, na makadirio ya kurudi.

Tatu, muhtasari kwa umma utolewe asubuhi na jioni mpaka huduma irudi, kwa Kiswahili cha kawaida, na upewe redio zisome. Maneno kama hitilafu za kiufundi yapigwe marufuku ndani yake, kwa kuwa hayamwambii mtu chochote.

Nne, wajibu usiwe wa kampuni za simu peke yao. Kampuni za minara, TTCL inayosimamia Mkongo wa Taifa, na Tanesco wahusishwe. Haina maana kumlaumu mwenye simu kwa nguzo ya umeme iliyoanguka.

Tano, kata ambayo minara yake yote imenyamaza ihesabiwe kuwa ni kata iliyo hatarini mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu atumwe, kwa pikipiki au kwa miguu. Huu ndio moyo wa jambo lote. Bila hilo, taarifa itabaki kuwa karatasi.

Sita, ndani ya siku 30 itolewe taarifa ya mwisho: kilichozimika, kwa nini, na kitakachobadilishwa kabla ya masika yajayo. Mnara uliozimika mara tatu kwa kukosa dizeli ni mnara unaohitaji paneli za jua au betri kubwa zaidi. Hilo litajulikana tu kama kuna mtu anayeweka kumbukumbu na umma unaziona.

Gharama ya haya ni ndogo ukilinganisha na fedha inayopotea siku moja ya biashara kusimama, achilia mbali maisha ya watu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtandao unaougua kimyakimya utakuja kuumbuliwa na mvua kubwa, na siku hiyo atakayelipa ni mkulima wa Mabogini na mama wa Kibosho.

Mkazi wa Soweto hawezi kuizuia mvua ya mlimani. Lakini akisikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku kuwa minara yote ya kata ya kwao imezimika kwa kukosa umeme, kwamba barabara imekatika, na kwamba kamati imeshatuma watu wapande kwa miguu, atalala na wasiwasi wa kiasi chake. Atajua kuwa asubuhi abebe fedha taslimu na aende mwenyewe. Na walio kamatini watajua kuwa kata iliyonyamaza haijatulia, bali imenyamazishwa.

Masika huja kila mwaka, na tarehe zake zinajulikana. Kanuni ya kurasa chache inaweza kuandikwa kabla hayajafika.